Nasaba ya Nasibu

Alasiri ya kiangazi katika kata ya Majengo, mjini Songea, jua linapoanza kuteremkia upande wa Peramiho, huwakuta wazee na vijana wameuzunguka ubao wa mninga wenye mashimo 32, na mgeni asiyeujua mchezo ule, akisimama kidogo nyuma ya migongo ya watazamaji, aghalabu huondoka akiamini kwamba ameshuhudia mchezo wa bahati. Dhana yake hailaumiki. Mchezaji huzoa kete za shimo moja akazipanda mojamoja katika mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia penye kete wenzake, na ng'ambo mna za adui, huzila, akazianzia kichwani, akapanda tena, akazunguka mara tatu au mara tano, mkono ukienda mbio kuliko jicho, mpaka kete ya mwisho itue katika shimo tupu naye alale. Nani angeweza kujua kwamba atalala pale na si pengine?

Na kumbe katika ubao ule hamna dadu wala karata iliyofunikwa. Kete 64 ziko wazi mbele ya watu wote, 32 za huyu na 32 za yule. Katika bao la kiswahili kila mmoja huanza na sita nyumbani, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi, na yote yatakayofuata yametokana na hizo na mikono ya wachezaji. Mwisho wa mzunguko ulikwisha kuamuliwa tangu shimo la kwanza lilipozolewa. Kinachokosekana ni macho ya kuusoma. Mabingwa wa Unguja macho hayo wanayo, na Alex de Voogt aliwaandikia tasnifu nzima, iliyotoka Leiden mwaka 1995, juu ya ukomo wa akili zao. Sisi wa Majengo hungoja mkono usimame.

Nimeanza na bao kwa sababu habari ninayokusudia kuieleza ni ya ufundi ulio mbali nalo kwa sura ila karibu nalo kwa asili, nao ni ufundi wa kutengeneza namba za nasibu ndani ya lugha za kompyuta ambazo, kwa sheria zao wenyewe, zinaikataa bahati. Neno hili nasibu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni fungu, sehemu ambayo mtu amekatiwa. Na neno nasaba, yaani ukoo, limetoka huko huko, ila hilo huandikwa kwa sini na lile kwa swadi. Kiswahili, ambacho hakina haja ya kuzitenga herufi hizo mbili ulimini, kimeyaweka maneno hayo mlango kwa mlango kama majirani wa kibaraza kimoja, na kwa maoni yangu ujirani huo ni wa haki kuliko wanavyodhani wanasarufi. Kwani namba ya nasibu itokayo katika mashine haina bahati hata chembe, ina nasaba tu, nayo historia ya maktaba za programu zinazoizalisha ni historia ya watu waliojifunza polepole, na mara nyingine kwa aibu, namna ya kuitunza nasaba hiyo isichafuke.

Pwani yetu ilikijua chombo cha namna hii karne nyingi kabla ya kompyuta, nacho ni ramli. Simsifu mpiga ramli: wanazuoni walimkataza zamani, na katika Tanzania ya siku hizi jina lake limezidi kuchafuka kwa ramli chonganishi, ambazo zimewatenga ndugu na kumwaga damu ya wazee wasio na hatia. Lakini hesabu ya ramli, ukiitenga na madai yake juu ya mambo ya ghaibu, ni hesabu safi, na mwenye kutaka kufahamu namba za nasibu hana shule bora kuliko hiyo. Fundi hutandaza mchanga, akatia nukta kwa ncha ya kidole katika mistari 16, bila ya kuzihesabu, mkono ukienda upesi kwa makusudi ili nia isipate nafasi ya kuchagua. Kisha huzifuta mbilimbili, na kila mstari hubakiwa na nukta moja au nukta mbili, witiri au shufwa. Mistari minne hufanya umbo moja, na maumbo manne ya kwanza huitwa kina mama.

Hapo bahati imekwisha kazi yake, wala hairudi tena. Mabinti wanne hupatikana kwa kuwasoma kina mama kwa upana, vichwa vyote vinne vikafanya binti wa kwanza, shingo zote nne binti wa pili, na kadhalika hata miguu. Kisha maumbo hujumlishwa mawilimawili, witiri na witiri ikawa shufwa, witiri na shufwa ikawa witiri, shufwa na shufwa ikabaki shufwa, mpaka wapatikane wajukuu wanne, mashahidi wawili, na umbo la 15 ambalo ndilo mizani ya shauri lote. Kina mama wanaweza kupangika kwa namna 65,536, si zaidi, na mpango mmoja wa kina mama huzaa siku zote ukoo ule ule, awe aliyepiga ni fundi wa Lamu au mwanafunzi wake wa jana. Zaidi ya hayo, umbo la mizani haliwi kamwe na jumla ya nukta iliyo witiri, kwa kuwa nukta za mabinti ni zile zile za mama zao zilizosomwa upande mwingine, na kila moja imeingia katika hesabu mara mbili. Fundi aliyeona witiri mahali hapo alijua kwamba majini hawamo katika kosa lile. Amejumlisha vibaya, basi akafuta mchanga na kuanza upya. Na wapo waliochoka na mchanga: katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London, kimewekwa chombo cha shaba alichokitengeneza Muhammad bin Khutlukh wa Mosul mwaka 1241 au 1242, chenye visahani vya kuzungusha vinavyoonyesha maumbo ya ramli badala ya nukta za kidole. Mashine ya nasibu, basi, ni mzee kuliko umeme kwa zaidi ya miaka 600.

Watu wa takwimu walipoihitaji nasibu, hawakuwa wakitafuta siri za kesho. R. A. Fisher, katika mashamba ya majaribio ya Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, alikuwa na shida ambayo kila mkulima wa Ruvuma angeielewa: ukitaka kujua kama mbegu hii inashinda ile, na ukaipanda hii bondeni na ile kilimani, umepima udongo, hukupima mbegu, lazima vipande vya shamba vigawanywe kwa njia ambayo mkono wa mgawaji haukuingilia. (Katika manispaa yetu hii hii kuna kata iitwayo Seed Farm, na kila nipitapo huko hukumbuka kwamba mbegu ilikuwa shauri la kitaalamu hapa kabla mimi sijaisoma katika vitabu vya kompyuta.) L. H. C. Tippett akachapisha mwaka 1927 tarakimu 41,600 alizozichota katika taarifa za sensa. Kendall na Babington Smith, miaka zaidi ya kumi baadaye, wakatumia sahani iliyozunguka na kumulikwa kwa ghafula, wakapata tarakimu 100,000. Na mwaka 1955 shirika la RAND la Marekani likatoa kitabu cha tarakimu milioni moja, kitabu ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukisoma mpaka mwisho wala kulalamika kwamba kisa chake kinatabirika.

Kompyuta ilipokuja, kitabu kilikuwa kizito mno kwa kumbukumbu yake ndogo. John von Neumann akapendekeza, katika miaka ya 1940, kwamba mashine ijizalishie namba yenyewe: chukua namba ya tarakimu nne, izidishe kwa nafsi yake, shika tarakimu nne za katikati, kisha rudia. Yeye mwenyewe aliijua kasoro ya kuiita nasibu namba iliyotokana na hesabu, na aliisema kwa mzaha wa mtu anayekiri dhambi. Lakini kasoro nyingine ilikuwa ya vitendo. Anza na 2500: jibu la kuizidisha kwa nafsi yake ni 06250000, katikati yake ni 2500, na hapo utakaa mpaka kiama.

D. H. Lehmer alitoa njia iliyo bora mwaka 1949, nayo ni nyepesi hata mtu aweza kuifanya kwa kete chini ya mwembe. Shika namba, izidishe kwa 3, kisha ondoa 31 mara nyingi uwezavyo. Masalio ndiyo namba inayofuata. Ukianza na 1 utapata 3, 9, 27; halafu 27 mara 3 ni 81, ukitoa 62 inabaki 19; kisha 26, 16, 17, 20, 29, 25, 13, na hivyo hivyo, mpaka uzipitie namba zote 30 zilizo chini ya 31 bila ya kurudia hata moja, ndipo unarejea kwenye 1 kama mtu aliyezunguka ubao akafika nyumbani. Namba ya kwanza huitwa mbegu. Na ingawa wazungumzaji wa Kiingereza waliichagua picha hiyo wasijue lolote juu ya ubao wetu, hakuna lugha inayoipokea kwa ukunjufu kama lugha ya watu ambao hata mchezo wao mkuu ni wa kupanda.

Njia ya Lehmer ilienea, na pamoja nayo ukaenea uvivu. Kizalishi kimoja kilichoitwa RANDU, kilichotumika sana katika mashine za IBM miaka ya 1960, kilizidisha kwa 65539 kwa sababu ya wepesi wake tu, wala hapakuwa na hoja nyingine. Na George Marsaglia alipoonyesha mwaka 1968 kwamba namba za jamaa hii, zikichukuliwa tatutatu na kuwekwa kama nukta angani, hujipanga katika tabaka, ilidhihirika kwamba za RANDU zote zinaangukia katika tabaka 15 tu. Mwenye kutaka kuona jambo hilo na aende shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba: akisimama ubavuni kwa mshazari huona majani yaliyochanganyika ovyo, asione mpango, lakini akifika kichwa cha tuta mistari yote hufunguka mbele yake hadi mwisho wa shamba. Hesabu nyingi za fizikia zilizofanywa kwa RANDU zilikuwa zimesimama ubavuni.

Sisi wenyewe hatukuwa na sehemu kubwa katika mashauri hayo. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya kuona gharama yake na hasara zilizofuata, na yaliyokuwa yakisemwa Ulaya na Marekani juu ya lugha za kompyuta yalipita juu ya vichwa vyetu kama ndege iendayo Johannesburg. Lakini miaka hiyo ndiyo hoja niliyotaka kuifikia ilipokuwa ikipikwa. Mwaka 1977 John Backus, mtu aliyeitengeneza lugha maarufu ya Fortran, alisimama kupokea Tuzo ya Turing akaishutumu kazi ya mikono yake mwenyewe, akataka lugha zilizojengwa juu ya fanksheni tupu. Na mwaka 1987, katika mkutano wa Portland, Oregon, wataalamu waliokuwa na lugha nyingi ndogo za namna hiyo waliamua kuziunganisha. Lugha iliyozaliwa iliitwa Haskell, kwa jina la mwanamantiki Haskell Curry, na taarifa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1990.

Ubishi wa lugha hizo na nasibu unaeleweka ukifikiri juu ya mwenye duka. Lugha za kawaida ni kama duka ambalo mwenyewe ameficha daftari chini ya meza: ukimwomba namba, huchungulia daftari, hukupa, kisha hulibadili kimyakimya, hata ukimwomba mara ya pili kwa maneno yale yale hukupa nyingine. Lugha ya fanksheni hairuhusu daftari la uvunguni. Fanksheni iliyopokea 5 leo ikarudisha 12, sharti irudishe 12 kesho na mwaka ujao, kama ukoo wa ramli unavyofuata kina mama. Basi fanksheni isiyopokea kitu na kila siku ikarudisha namba mpya ni uongo usiokubalika katika mahakama ile. Njia iliyosalia ilikuwa ni kuitoa mbegu hadharani: fanksheni ipokee mbegu na irudishe vitu viwili, namba na mbegu mpya, na anayeitaka namba ya pili aje na mbegu mpya mkononi. Ndiyo adabu ya bao hasa, kwa kuwa huwezi kucheza zamu yako ya pili juu ya ubao wa zamu ya kwanza.

Adabu hiyo niliivunja mwenyewe. Vijana wa mtaani kwetu walitaka mashindano ya bao ya watu 12, na kwa kuwa kila mwaka kulikuwa na manung'uniko kwamba mpangaji huwapa jamaa zake wapinzani wepesi, nikajitolea kutunga programu ndogo katika Haskell itakayompa kila mchezaji namba. Nilipoiendesha mbele yao, mchezaji wa kwanza alipata 7, wa pili 7, wa tatu 7, na wote 12 wakapata 7. Mzee mmoja, mwenye sauti ya kukwaruza kwa ugoro, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine yako inalo shimo moja tu?" Alikuwa amelitambua kosa langu bila ya kujua neno moja la Haskell: kila mara nilikuwa nikirudi kuomba namba kwa mbegu ile ile ya zamani, na mpya niliyorudishiwa nikaiacha ianguke chini.

Kupokezana mbegu kutoka fanksheni hadi fanksheni ni kazi ya kuchosha, nayo ilipunguzwa katika miaka ya 1990 kwa mbinu iitwayo monadi, iliyotokana na fikra za Eugenio Moggi na kuenezwa na Philip Wadler, ambayo huupokezesha mkono huo kwa niaba ya mtunzi. Sitakaa sana hapo. Shauri zito lilikuwa jingine, nalo ni shauri la mirathi. Katika lugha ya fanksheni sehemu mbili za programu huweza kukokotolewa mbalimbali, hata kwa wakati mmoja katika mashine mbili, na kila moja ikahitaji namba zake. Ukizilazimisha zingojeane mbegu, umeivunja faida nzima ya lugha ile. Basi sharti mbegu moja igawanywe kuwa mbili, kila mrithi aondoke na yake, na mito ya namba zao isifanane. F. Warren Burton na Rex Page waliliandikia jambo hili mwaka 1992, wakachambua njia za kugawa na hatari zake.

Hatari hizo turudi kwenye 31 tuzione. Tuseme kaka amepewa mbegu 1 na mdogo wake 27, na mgawaji ameridhika kwamba namba hizo mbili hazihusiani. Kaka atavuna 3, 9, 27, 19, 26, 16. Mdogo atavuna 19, 26, 16, 17, 20, 29. Mdogo yuko hatua tatu mbele katika duara lile lile, naye kaka anatembea juu ya nyayo zake, na mwenye kuzijumlisha namba zao akidhani ni mashahidi wawili amemsikiliza shahidi mmoja mara mbili.

Taarifa ya Haskell 98, iliyotoka Februari 1999, iliweka maktaba ya nasibu iliyokuwa na fanksheni ya kugawa. Ndani yake kizalishi kilikuwa cha Pierre L'Ecuyer, cha mwaka 1988, kilichohamishiwa katika Haskell na Lennart Augustsson: vizalishi viwili vya jamaa ya Lehmer vilivyoungwa pamoja, kimoja kikiondoa 2147483563 na kingine 2147483399, mzunguko wao ukiwa wa namba zipatazo bilioni mbili na theluthi mara bilioni moja. Kizalishi chenyewe kilikuwa imara. Gawio ndilo lililokuwa la kubahatisha: sehemu moja ya mbegu iliongezwa moja, nyingine ikapunguzwa moja, warithi wakabadilishana vipande, na mwandishi wa msimbo ule, kwa uaminifu ninaouvulia kofia, aliacha pembeni maelezo mafupi ya kukiri kwamba jambo hilo halina msingi wowote wa kitakwimu. Maelezo hayo yalikaa pale kwa miaka ishirini na zaidi, yakasomwa na kila aliyefungua faili lile, na watu wakaendelea kugawa.

Aliyepata kulipa deni hilo ni mwenye chombo kilichotumia gawio kuliko vyote. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes wa Chuo cha Chalmers, Gothenburg, walikuwa wametoa maktaba iitwayo QuickCheck, inayojaribu programu kwa kuzimiminia data za nasibu mpaka kosa lijitokeze. Na kwa kuwa mti wa data hugawa mbegu kila penye tawi, gawio baya lilikuwa likiamua kimyakimya ni makosa yapi yataonekana na yapi yatapita. Claessen na Michał Pałka walionyesha mwaka 2013 kwamba jambo hilo si la dhana tupu: kulikuwa na majaribio ambayo kwa haki yangepaswa kukutana na visa fulani mara kwa mara, na kwa gawio la zamani hayakukutana navyo. Dawa yao ndiyo iliyonipa jina la makala haya. Kila kizalishi kitambulike kwa nasaba yake, yaani orodha ya njia iliyofuatwa tangu mzazi wa kwanza, kushoto, kulia, kulia, kushoto. Kisha nasaba hiyo ipitishwe katika ufumbaji wa siri uitwao Threefish, ambao kazi yake ni kuhakikisha kwamba ndugu wanaotofautiana kwa hatua moja wanatoka na nyuso zisizofanana kabisa. Warithi wawili hawawezi kuwa na nasaba moja, na aliyeziona namba zao hawezi kuzisoma nasaba zao.

Ufumbaji una gharama yake, na mwaka uliofuata Guy Steele, Doug Lea na Christine Flood walileta njia ya mkato iitwayo SplitMix, ambayo mtu wa bao huielewa upesi. Kila kizalishi hubeba vitu viwili, mahali kilipo na urefu wa hatua yake. Urefu huo huwa daima ni namba witiri, ili katika ubao ambao idadi ya mashimo yake ni zao la mbili kwa mbili tupu, kama 32 yetu, kipite kila shimo kabla ya kurudi kwake. Na kila mahali kinapotua, namba ya shimo huchanganywa na kuchanganuliwa kabla ya kutolewa, ili jirani asiujue mwendo. Mtoto anapozaliwa hupewa mahali pake na hatua yake, na ndugu wenye hatua mbili tofauti hawafuati tena nyayo za mmoja. Lugha ya Java iliipokea njia hiyo mwaka huo huo wa 2014. Haskell, iliyokuwa imeipigania fikra ya gawio kuliko lugha zote, ilichelewa: mwaka 2020 Dominic Steinitz, Leonhard Markert na Alexey Kuleshevich walitoa toleo la 1.2 la maktaba ya nasibu, SplitMix ikachukua mahali pa kizalishi cha zamani ambacho uzito wake ulikuwa umekwisha kuwa kichekesho, na yale maelezo ya pembeni yakaondoka pamoja na msimbo wake. Nilihuzunika kidogo. Ungamo lile lilikuwa na heshima yake.

Programu ya mashindano niliitengeneza upya usiku ule, nikaipokezesha mbegu kama inavyotakiwa, na kesho yake jioni nikarudi nayo kibarazani. Namba zilitoka mbalimbali, watu wakafurahi, mpaka mzee yule wa ugoro akauliza mbegu yenyewe nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeichagua mimi. Akatazama chini, akasema basi tumerudi kule kule kwa mpangaji na jamaa zake.

Kete 64 zikatiwa katika mfuko, akaitwa mtoto wa jirani aliyekuwa akipita na chupa ya mafuta ya taa, akaambiwa azoe bila ya kuangalia. Zikahesabiwa mbele ya watu: 23. Kwa mzoo mmoja mbegu zisingezidi 64, na mtu mwenye subira angeweza kuzipima zote nyumbani kabla ya siku ya mashindano. Kwa hiyo kete zikarudishwa, zikatikiswa, mtoto akazoa mara ya pili zikatoka 9, na mara ya tatu 31. Katibu akaandika 230931 katika daftari la mashindano, juu ya majina ya wachezaji, na tarehe yake. Yule aliyeangukia mpinzani mgumu alitaka programu iendeshwe tena, ikaendeshwa kwa mbegu ile ile, mpangilio ukawa ule ule. Akaomba mara ya tatu, ukawa ule ule. Akavuta kigoda, akaketi upande wa kusini wa ubao, akaanza kupanga kete zake, sita nyumbani, mbili na mbili.